Picha Zilizogeukia Ukuta

Saida mwanangu,

Nimekaa, nimeinuka, nimekaa tena. Umekwenda Cedar, mtaa wetu wa zamani, kuagana na wenzako, ukaniacha na mabegi yako katikati ya sebule, na kila nikipita najigonga. Nimeosha masufuria yaliyokuwa safi. Nimefungua friji, nikasahau nilichokuwa nataka, nikaifunga. Kesho asubuhi unapanda ndege kwenda Uingereza, na maneno niliyotakiwa kukwambia miaka yote hii yamenijaa kooni kwa pamoja, yanasukumana. Tukisema kwa mdomo tutaanza kubishana kabla sijamaliza hata la kwanza, tunajuana mimi na wewe. Kwa hiyo naandika.

Sikuandikii habari za koti, wala za dawa ya kifua, wala za kupiga simu ukifika. Hizo utazisikia kesho garini mpaka uchoke. Nataka kukuandikia habari za yule mchoraji wako na habari za baba yako, na kwa nini siku ile kwenye jumba la sanaa nilikuaibisha mbele za watu.

Lakini kwanza nikuulize, na usinikasirikie. Unakwenda kusoma, au unakwenda kumtafuta mtu? Maana kama ni kusoma, sina wasiwasi. Kichwa unacho na mkono unao. Lakini kama unakwenda kumtafuta baba yako kwenye picha za mwanamke wa Kiingereza aliyekufa zamani, basi roho yangu iko juu, kwa sababu anayekupeleka huko ni mimi. Nilikufungia mlango wa karibu, ukaenda kugonga wa mbali.

Unakumbuka siku uliyonipeleka? Nilikuwa nimetoka kazini na sare yangu, ukasema twende hivyohivyo, hakuna atakayekutazama. Njiani ukawa unanisimulia. Ukasema mama huyo aliishi zama za Malkia Victoria, wakati wajane wa kwao walivaa nyeusi miaka na miaka na kutunza nywele za marehemu ndani ya vidani. Ukasema aliamini wafu hawaendi mbali. Jioni alikuwa akikaa mezani na mume wake, kashika penseli, mkono kaulegeza, wanangoja roho ije iuendeshe huo mkono iandike. Na yale yaliyoandikwa ndiyo aliyoyachora baadaye: malaika wa mauti wenye sura za upole, watu wanaoiacha miili yao kama mtu anayevua joho zito, na ile mianga ya rangi ya waridi unayoipenda.

Mimi nikacheka, ukanuna. Nikakwambia shangazi yangu kule Tanga alikuwa na pepo wa Kiarabu, na pepo yule hakujua kuandika hata jina lake, ila alijua kudai: leo anataka marashi, kesho anataka pete, keshokutwa anataka ngoma usiku kucha na majirani wasilale. Nikasema, huyo mama yako mizimu yake ni ya gharama nafuu, inataka penseli tu. Hapo na wewe ukacheka, ukapitiliza njia ya kutokea barabara kuu, ikabidi tuzunguke. Ilikuwa siku nzuri mpaka hapo.

Halafu tukaingia kwenye kile chumba, ukanisimamisha mbele ya ile picha. Sasa naweza kukueleza nilichokiona. Mwanamke amelala kitandani, amekufa. Juu ya kitanda amesimama huyohuyo mwanamke, nguo zake nyepesi, na nyuma yake yupo malaika mwenye mabawa ya buluu iliyokolea, amemshika bega kama unavyomshika mgeni kumwonyesha njia. Na chini sakafuni kuna mwanamke mwingine analia. Yule aliyekufa, huyo aliyesimama, anamtazama yule anayelia. Macho yake yamefunguka, makubwa, hayana huzuni.

Ukaniambia polepole, "Look, Mama. Tazama macho yake. Painters wengi wa wakati ule, maiti wanamchora amefumba. Yeye amemfungua."

Na mimi nikalipuka. Nilisema kwa sauti, nakumbuka, na kwa Kiswahili, lakini hasira haihitaji mkalimani. Yule mlinzi aligeuka. Nilisema, "Huyu hajui kifo! Hajawahi kumwona mtu aliyekufa! Wafu hawafungui macho, Saida, wafu wamefumba, wamefumba kabisa!"

Nawe ukanijibu, sauti yako chini kuliko yangu: "At least yeye aliwatazama wafu wake mpaka akawachora. Wewe Baba ulimgeuza ukutani."

Tukarudi nyumbani. Sikukujibu kwa sababu hukukosea. Lakini kuna kitu hukijui, na ndicho kilichonifanya nibweke vile mbele ya picha ya watu. Ngoja nizime jiko, wali unataka kuungua.

Nimerudi.

Baba yako alianguka kazini, pale kiwandani Fridley, wakati wa baridi. Moyo ulisimama. Hilo unalijua, na unajua kwamba mimi ndiye niliyekwenda hospitali, wewe ukabaki kwa Bi Mwanaidi, yule mama wa Kimombasa aliyekaa ghorofa ya juu yetu tulipokuwa Cedar. Niliporudi, wanawake walikuwa wameshajaa ndani. Wengine walikuwa wanapika, wengine wanatandika mikeka. Bi Mwanaidi alikuwa kapanda kiti anageuza picha zetu, moja baada ya nyingine, nyuso zielekee ukuta. Hakuniomba ruhusa, na mimi sikuona ajabu. Hata kwetu Tanga ndivyo alivyofanya nyanya yangu: nyumba ikifiwa, picha zinageuzwa, Kurani isomwe bila nyuso zinazotazama, na mfiwa asikutane na marehemu kila akiinua macho.

Aliposhuka kwenye kiti akanishika mikono, akaniambia, "Ukitoka eda, mwanangu, utazigeuza mwenyewe. Kwa mkono wako. Hiyo si kazi ya mtu mwingine."

Nikakaa eda. Usinione ninavyomcheka yule mama na penseli yake. Mimi eda ile nilifanya mambo. Nilikuwa namtengea baba yako chai. Kikombe chake kilekile chenye mpasuko, sukari nyingi, naweka upande wake wa meza. Nilikuwa namsemesha nikiwa jikoni, namuuliza kama kafunga gari, namgombeza kwa kuniacha. Wewe ukawa unakuja unakaa kwenye kiti chake, unainywa ile chai, halafu unanitangazia, "Baba hataki." Nilikuwa nacheka na kulia papo hapo, na kesho yake natenga tena.

Eda ikaisha. Nikavua nyeupe, nikaoga, nikasimama mbele ya picha ya harusi kuigeuza. Nikashindwa.

Sasa sikiliza. Baba yako alikuwa na kasoro moja: hakuweza kupigwa picha. Taa ya kamera ikiwaka, yeye keshafumba. Alikuwa anasema, "Mimi na taa ile hatupatani, inanionea." Mpiga picha wa harusi yetu alihangaika mpaka akamaliza filamu, akatokwa jasho, na kila picha bwana harusi kafumba macho kama mtu anayesali. Tuliichagua iliyo nafuu tukaitundika, na kila mgeni aliyeingia alimtania. Ile ya ufukweni, kafumba. Ile ya ziwani hapa tulipofika mwaka wa kwanza, kafumba. Aliyeweza kumnasa ni mtu wa pasipoti peke yake, baada ya kumkaripia, ndiyo maana katika ile unayotembea nayo kwenye pochi anaonekana kama mtu aliyekamatwa na polisi. Ile si sura yake, Saida. Yule ni mtu anayejizuia asipepese.

Na nilipoingia kile chumba cha hospitali nilimkuta hivyohivyo. Kichwa kainamisha kidogo upande wa kulia, mdomo umetulia, macho kafumba. Picha ya harusi yetu, mwanangu, imelazwa kitandani na kufunikwa shuka. Nilisimama pale nikingoja afumbue aseme taa imemwonea.

Basi ningeigeuzaje ile picha? Nilijua kilichoko upande wa pili wa ile fremu. Wageni walikuwa wanaona bwana harusi anayechekesha, mimi nilikuwa naona maiti iliyovaa suti. Nikaacha. Nikasema kesho. Bi Mwanaidi alipopita akauliza, "Bado?" nikamwambia kesho. Akaacha kuuliza, naye Mungu akamchukua, na kesho yangu haijafika.

Wewe ukaanza chekechea. Siku moja mwalimu akaniita, akanionyesha mchoro wako. Mlipewa kazi ya kuchora watu wa nyumbani. Ulikuwa umenichora mimi na kilemba, kikubwa kuliko mwili, ukajichora mwenyewe, na kati yetu ukachora mraba wa kahawia, juu yake waya. Mwalimu alidhani ni mlango. Alikuwa amekuuliza, ukamjibu bila wasiwasi wowote: huyo ni Baba.

Ulikuwa hukosei. Ndicho ulichokuwa unakiona. Nilikuwa nakuelekeza ukutani nakwambia yule pale ni baba yako, na pale palikuwa na mgongo wa fremu, karatasi ngumu ya kahawia na waya wa kuning'inizia.

Mwenye akili angerudi nyumbani akageuza picha siku ileile. Mimi nilirudi nikazishusha. Nikazifunga kwa kanga yangu, nikazitia kwenye lile begi la bluu lililotuleta Amerika, na tulipohamia hapa New Hope nikalisukuma nyuma ya kabati. Nilidhani nikiuondoa ule mraba utaacha kuuchora. Na kweli uliacha. Uliacha kumchora kabisa, ukaacha na kuuliza, na mimi mjinga nikajipongeza kwamba mtoto amesahau, ametulia.

Kumbe ulikuwa hujasahau. Ulikwenda kusoma picha. Kati ya picha zote duniani, za matunda na farasi na wafalme, ukachagua za mwanamke aliyeshinda akichora wafu. Wenzangu kazini wananiuliza mwanao anasoma nini, nawaambia sanaa, nabadilisha mazungumzo.

Halafu ile asubuhi ya penseli. Ilikuwa baada ya ugomvi wetu, theluji ikiyeyuka. Nilitoka zamu ya usiku, nikafungua mlango, nikakukuta mezani jikoni na karatasi kubwa mbele yako. Ulikuwa umefumba macho, penseli umeishika kwa vidole viwili tu, imelegea.

"Unafanya nini?"

"Research, Mama."

"Utafiti gani wa kufumba macho?"

Ukafumbua, nikaona umelia. Ukasema, "Nilitaka kuona kama ataandika."

"Nani?"

"Baba."

Nilikunyang'anya ile karatasi. Nilikuwa tayari kukutimua wewe na mapepo yako ya Kizungu, nikuitie shehe, nikupigie kelele mpaka majirani watoke. Nikaitazama. Mistari mitupu, kama kuku kapekua. Na badala ya kelele, sijui kwa nini, nikajikuta nauliza, "Kaandika nini?"

Hapo ndipo uliposema neno ambalo halijanipa usingizi mpaka leo. Ulisema, "Nothing. Na hata angeandika, Mama, ningejuaje kama ni yeye? Mwandiko wake siujui. Sauti yake siijui. Hata akija sasa hivi asimame pale mlangoni, sitamjua."

Na mimi, mama yako niliyekuzaa, nikakujibu, "Chai iko kwenye chupa," nikaenda kulala.

Sikulala. Nilijifunika shuka mpaka kichwani nikakusikiliza unamimina ile chai. Nilitaka kutoka nikukumbatie, sikutoka. Naandika hili kwa hasira, na hasira ni juu yangu. Kazini, kwenye nyumba ya wazee, nina moyo wa kumgeuza mzee wa watu kitandani, kumwosha, kumlisha, kumfumba macho akifa na kumwita nesi. Nimeshawafumba wengi. Lakini kumfumbua mmoja, nikakosa ubavu.

Kuna jambo sijakwambia. Kiangazi hiki nilirudi kwenye lile jumba la sanaa, peke yangu. Nilikwambia nakwenda kununua unga wa muhogo kule Cedar, na unga nilinunua, lakini nilipitia kule kwanza. Mlinzi alikuwa yuleyule. Nadhani alinikumbuka, kwa sababu alisogea karibu. Nikasimama mbele ya picha yako nikaitazama tena, safari hii mdomo nimeufunga.

Siku ile ya kwanza niliona yale macho tu, na yalinichoma, kwa sababu mimi wa kwangu alikuwa kafumba na huyu wa watu kapewa macho mazima. Safari hii nikamtazama yule anayelia sakafuni. Umewahi kumtazama vizuri? Uso wake uko ukutani, Saida. Kampa mgongo yule aliyekufa. Marehemu yupo nyuma yake, kamkodolea macho kwa upendo, malaika kampisha, na huyu hageuki. Nilisimama pale mpaka miguu ikauma. Miaka yote nimedhani mimi ndiye niliyemgeuza baba yako, Rajabu wangu, ukutani. Ile picha inasema aliyegeukia ukuta ni aliye hai.

Sijui kama yule mama alisikia wafu kweli. Mimi imani yangu unaijua: roho iko kwa Mola wake, haina muda wa kuja kushika penseli ya mtu. Na usinitumie picha ya meza iliyosogea yenyewe, nitazima simu. Lakini nimeelewa kilichokuwa kinamkalisha pale kila jioni. Alikuwa anamtengea mtu chai. Tofauti yake na mimi ni kwamba yeye alipomaliza kulia aliinuka akachukua brashi, akatazama, akawafungua wafu wake macho mmoja mmoja. Mimi niliinuka nikafunga begi.

Na kazini kwangu yupo bibi mmoja, mzee sana, wa hapahapa Minnesota. Ana picha ya marehemu mume wake pembeni ya kitanda. Kila nikiifuta vumbi ananiambia, "Taratibu hapo shingoni, anatekenyeka." Mwanzoni nilidhani akili imemtoka. Akili anayo, anacheza karata na kuwala wenzake wote. Anajua mume wake amekufa, alimzika mwenyewe. Ila hakuona sababu ya kuacha kutaniana naye. Wiki iliyopita aliniuliza, "Na wako yuko wapi?" Alikuwa anamaanisha picha. Nikamjibu yuko kwenye begi nyuma ya kabati. Akanitazama kwa huruma kama mimi ndiye mgonjwa.

Basi leo, ulipotoka tu, nimelivuta lile begi. Nimelivuta kwa fujo, nimeangusha na pasi, usishangae ukiona alama sakafuni. Nikaifungua kanga. Nikazigeuza, kwa mkono wangu, kama nilivyoagizwa.

Unajua nilichokiona kwanza? Ni mtoto! Rajabu ni kijana mdogo, Saida. Shingo nyembamba, suti ya kuazima imempwaya mabegani. Nimemzidi umri baba yako. Nimekaa sakafuni nikamtazama kama mdogo wangu wa mwisho, nikasema, huyu ndiye nimemwogopa miaka yote? Kafumba macho, ndiyo. Lakini hakufanana na yule wa hospitali hata kidogo. Pembe za mdomo zinacheza. Anajizuia kucheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kila alipofumba alikuwa anacheka, kwa sababu alijua keshaharibu. Miaka yote nilibeba kichwani picha moja ya maiti, na kwenye begi kulikuwa na mtu anayecheka gizani.

Nimelia, nisikufiche. Nimelia mpaka nikapata kwikwi, halafu nikacheka, halafu nikabandika wali.

Sasa nikupe nilichokunyima. Hakuna kamera iliyoyapata macho yake, lakini mimi niliyatazama, na wewe ni mchoraji, kwa hiyo shika hapa. Yalikuwa makubwa. Kope ndefu mpaka wanawake wa kwetu walimtania, wakamwambia angewagawia. Kope ya juu ya jicho la kushoto ilikuwa imelala kidogo kuliko ya kulia, na akichoka ilishuka zaidi, nikajua leo asiulizwe kitu. Akitaka kudanganya alitazama dari. Rangi yake si nyeusi, ni kahawia ya chai ya rangi ukiinyanyua dirishani. Akikusikiliza hakuangalia kwingine, angekutazama mpaka umalize, hata kama unasema upuuzi, na mimi niliposema upuuzi niliaibika mwenyewe kwa jinsi alivyonisikiliza.

Na ulipozaliwa walimpa akushike. Yule mtu aliyefumba mbele ya kila kamera alikutazama wewe bila kupepesa. Hakupepesa kabisa. Nesi akacheka akamwambia, "Baba, unaruhusiwa kupumua." Naye akaniambia, bado kakukazia macho, "Zaina, huyu ananijua."

Alisema hivyo. Nilikuwa na maneno hayo miaka yote na sikukupa. Uliniambia hata akija hutamjua. Nakwambia yeye alianza kwa kuona kwamba unamjua.

Nikisema nenda, nasema kwa moyo mmoja, ingawa moyo wenyewe hautulii na hautatulia. Utakaa na hizo picha za wafu, utazisoma, utaziandika. Ukisikia hamu ya kukaa na penseli umefumba macho, sitakuzuia, nitakuwa mbali, na hata ningekuwa karibu ningekuzuia kwa lipi? Nakuomba kitu kimoja: ukimaliza kufumba, fumbua. Usifanye nilivyofanya mimi. Mimi niliogopa kumtazama aliyekufa nikaishia kutomtazama na aliye hai. Ulikuwa unakua mbele yangu na ile kope yako ya kushoto iliyolala, na kila ulipoinua uso nilikimbilia jikoni. Ulidhani una mama mwenye kazi nyingi. Nilikuwa nakimbia macho yako.

Gari lako limeingia. Naliona kutoka dirishani, umekaa humo ndani, hujashuka. Bila shaka na wewe unaogopa jioni hii. Nifanye haraka.

Ukifungua mlango sitangoja uulize chakula. Nitakuonyesha ukuta wa kushoto. Ya harusi nimeitundika hapo, nimepigilia msumari mwenyewe, imekaa upande na sitaki uinyooshe. Hii barua naiweka juu ya begi lako la mkononi, uisome usiku huu, na picha ya pili naitia ndani ya begi, uifungue ukishapaa. Hiyo ya pili ni ile iliyopigwa Cedar. Baba yako kakaa kwenye kochi, kafumba kama kawaida yake, na mapajani kampakata mtoto aliyekodolea kamera macho kama anaidai. Huwezi kuikumbuka, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na kitanda chako na ndiyo ya kwanza kugeuzwa.

Kajifunze namna yule mama alivyowafungua wafu wake macho, halafu umchore baba yako, umfungue. Nitatundika, na atakayeuliza msikitini nitamjibu mwenyewe. Ukikwama kwenye macho, tazama hiyo picha tena. Yapo humohumo. Yako kwenye uso wa mtoto.

Na kesho uwanja wa ndege usione haya nikikukazia macho mpaka foleni ikumeze. Sitageuka.

Mama yako, ninayekusikia ukipanda ngazi,
Zaina